Yeye analala barazani, mi ndani silali

Shikamoo Shangazi, naomba jina langu usilitoe, andika tu Mama wa Mwanga inatosha, Kigoma hapa tunajuana mno.

Mi nina miaka 34, watoto wawili, wa kwanza binti wa miaka 13 na wa pili kijana wa miaka minne. Mume wangu yuko kwenye maboti ya mizigo ya kwenda Kalemie na saa nyingine Bujumbura, akiondoka ni wiki mbili tatu, kwaiyo nyumbani tunabaki mi na watoto na mama mkwe, mtu mzima, macho hayaoni vizuri ila mdomo uko vizuri sana. Nyumba haina fensi. Mbele tuna baraza linaangalia barabara, mchana ndo kigenge changu, nauza mawese na dagaa, magharibi naingiza vitu ndani nafunga mlango basi.

Mvua zilivoanza mwezi wa kumi na moja, asubuhi moja nafungua mlango nakuta mtu kalala pale, kajifunika kiroba, viatu kaviweka chini ya kichwa. Nikapiga kelele, na yeye akashtuka akasimama akaniamkia, shikamoo mama, akakunja kiroba chake akaondoka. Jioni akarudi. Nikamuonea huruma nikampa ugali wa muhogo na sombe (kisamvu), akala, akaosha sahani akanirudishia kwa mikono miwili. Kuanzia hapo ni kila siku mpaka leo, yaani miezi mitatu sasa, anakuja saa mbili usiku nikishafunga, saa kumi na moja alfajiri keshaondoka, na baraza kaliacha kalifagia. Ni kijana wa miaka thelathini hivi, nasikia anabeba mizigo pale Kibirizi maboti yanaposhushia. Harufu ya pombe sijawahi kuisikia kwake. Usiku hata sijui kama yupo au hayupo mpaka nimsikie anakohoa.

Utaniuliza sasa shida iko wapi. Shida Shangazi ni kwamba mwenzio silali.

Wiki mbili zilizopita ilinyesha ile mvua ya upepo wa ziwani, umeme umekatika, saa nane usiku nasikia mlango unagongwa. Taratibu, mara tatu. Nikakaa kimya. Akagonga tena akasema Mama nanihii, Mama nanihii naomba nifungulie, yaani kataja jina la binti yangu kabisa. Nywele zilinisimama, huyu mtu jina la mwanangu kalijulia wapi? Nikachukua panga nikakaa chini nyuma ya mlango, watoto wamelala, sikufungua, sikujibu, hadi akanyamaza. Kulivokucha nikamkuta kajikunja kwenye kona kalowa chapachapa anatetemeka, mi nikapita na ndoo yangu kama sijamuona nikaenda kumwaga maji nikarudi ndani nikalia. Uji nilimpa siku hiyo lakini kumuangalia usoni nilishindwa, na mpaka leo hatujaongelea hiyo habari.

Sasa kila mtu ana lake. Mama mkwe anasema huo ni mtihani wa Mungu nimpe ile stoo ya nyuma ninayoweka madumu ya mawese na magunia ya mkaa alale humo, na mvua ikizidi aingie sebuleni, anasema Ujiji ya zamani mgeni akiingia usiku haulizwi katoka wapi anaulizwa kala au hajala. Mume wangu kwenye simu anasema nikirudi nikimkuta tutajuana, tena kabla sijafika waite vijana wa sungusungu wamtoe. Jirani ndo kabisa, anasema huyo Mrundi katoroka kambini, msikilize tu anavyoongea, siku Uhamiaji wakija usinitaje. Na mtaa wa pili hapo mwezi uliopita watu waliingiliwa wakaibiwa tivii na mtungi wa gesi, maneno yanayozunguka ni kwamba hawahawa wanaolala mabarazani ndo wanaochora ramani.

Na kuna kingine. Sahani alikuwa anampelekea binti yangu. Juzi akachelewa kurudi, nikachungulia, nikamkuta kakaa kwenye ngazi anamsomea daftari lake la Kiswahili, yule kaka anasikiliza. Baya sijaliona. Ila roho yangu haikutulia, nikamwita ndani nikamgombeza mtoto bila kosa.

Kumfukuza mtu ambae hajanikosea siwezi. Na hapohapo sitaki siku watu waje kunizika wanasema alijitakia mwenyewe. Mume anarudi mwisho wa mwezi. Nifanyeje Shangazi?

Mama wa Mwanga

*

Marahaba mwanangu. Barua yako nilianza kuisoma nikiwa nachambua maharage, nikayaacha maharage.

Tuanze na ule mlango maana naona ndo unaokutafuna. Ulifanya sawa kutofungua. Saa nane usiku, giza, mwanaume usiyemjua, ndani watoto wawili na bibi asiyeona vizuri, mwenye nyumba yuko majini, hata angekuwa malaika angesubiri kukuche. Nisikusikie tena unalia kwa hilo. Kosa lako mi naliona pengine, ulinyamaza. Dirisha lilikuwepo. Mlango ukiwa na komeo lake unaweza kumuuliza mtu kupitia dirishani, una nini wewe, akakwambia nina homa mama, ukamjibu sifungui usiku ila nampigia jirani sasa hivi, na shuka la zamani ukalisukuma kwenye nondo akajifunike. Ulivonyamaza yeye hakujua kama umesikia, na we hukujua anataka nini, mkabaki mnaogopana kila mtu upande wake wa mlango, we na panga yeye na baridi. Mpaka naandika hapa hujui aligonga kwa sababu gani. Ulimuuliza? Kwenye barua sijaona.

Na hapo ndo panaponishangaza. Nimeirudia barua yako mara tatu natafuta jina la huyo kijana, sio nilitoe hapa, nataka tu kujua kama unalo. Huna! Miezi mitatu anakula sahani yako, analala kwenye sakafu yako, anakufagilia, we unamwita yule kaka. Halafu unanyong'onyea eti jina la mwanangu kalijulia wapi. Mwanangu we mchana kutwa uko hapo unauza mawese, kila anayepita ni Mama nanihii nipimie chupa moja, Mama nanihii dagaa wa leo hawa, na mkweo lazima anakuita kwa sauti ya juu sababu hakuoni uko kona gani, huyo kijana angelikosaje hilo jina? Yeye anakujua we, mtoto wako, saa unayofunga, siku mume yupo na siku hayupo. We humjui lolote. Hofu yako inatoka hapo, na nakubaliana nayo, mtu akikujua wakati we humjui ni hatari kweli, hata awe mpole kama njiwa.

Sisi Waha salamu yetu ile ya kupiga makofi wageni wanaicheka, wanasema Waha wakikutana barabarani jua linaweza kuzama. Ni kweli inachukua muda, lakini ukimaliza hapo ushajua mtu katoka kijiji gani, ni wa nani, amepita wapi, anaenda kwa nani. Wazee walikuwa wanamkarimu mtu na hapohapo wanamkagua, na mgeni hakasiriki sababu ni salamu. Mkweo anakumbuka vizuri kwamba Ujiji mgeni aliulizwa kala au hajala, ila na mimi nimekulia huko, akishakula aliulizwa mengine yote. Kasahau nusu.

Kwaiyo kesho, usingoje saa mbili. Mtafute wakati bado kuna mwanga, kama anapitia Kibirizi mtumie mtu amwambie leo aje saa kumi na mbili jioni mama anataka kuongea nae. Akae barazani, na we ukae, mkweo akae kwenye kigoda chake, umwite na jirani mwanaume mwenye akili timamu (sio huyo wa Uhamiaji) au mjumbe wenu. Chai iwepo. Muulize jina lake, la baba yake, kwao wapi, nani wa kupigiwa simu akiugua, anabeba mizigo na kundi gani, kabla ya barazani kwako alikuwa analala wapi na kwanini alitoka. Sauti iwe ya mama anayeuliza, usiwe kama askari. Anayejibu vizuri utamuona, na anayebadilisha badilisha kijiji kila ukimuuliza pia utamuona. Alafu mchana mmoja nenda Kibirizi ukaulizie, makuli wana viongozi wao na wanajuana mno, dakika kumi utarudi na habari zake zote hata ambazo hukuzitaka.

Na ukimuuliza kwanini hana pa kulala jiandae, jibu linaweza kuwa la kawaida sana. Anayebeba mizigo ya dagaa anakula kwa mwezi, namaanisha mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka maboti yanalala, boti likilala na kuli analala njaa, alafu kodi ya geto haijui mbalamwezi. Na 2024 ziwa lilifungwa, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti hakuna kuvua, samaki wazaliane, jambo zuri tu kwa ziwa ila miezi mitatu kwa mtu asiye na akiba ni mingi. Mtu akishatoka kwenye geto kurudi ni kazi, anatakiwa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Simsemei, labda yeye ana yake mengine. Alafu huu mji wenyewe ndo mwisho wa reli, toka 1914 treni inafika hapa inasimama mbele ni maji, anayekuja kutafuta maisha akakosa hana pa kuendelea na nauli ya kurudi hana.

Tena maskini maarufu kuliko wote waliowahi kukwama kwetu watoto wanamsoma shuleni na hakuna anayewaambia kwamba alikuwa maskini. Livingstone alirudi Ujiji mwezi wa kumi 1871 mgonjwa, mifupa mitupu, akakuta mizigo yake yote aliyotumiwa imeuzwa na mtu aliyeaminiwa kuitunza. Hana kitu! Ujiji ndo walioishi na huyo mgonjwa siku kadhaa kabla Stanley, yule mwandishi aliyetumwa kumtafuta, hajatokea na msafara wake, na tunaambiwa tu habari za mwembe waliokutania chini yake. Na angalia pia, mali iliibiwa na aliyeaminiwa, sio na aliyelala nje. Haya nimetoka nje ya mada.

Turudi. We unaogopa wezi, mi kwenye barua yako nimeogopa kikohozi. Umeandika kwa kupita tu kwamba usiku unajua yupo ukimsikia anakohoa. Miezi mitatu sasa! Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi anatakiwa akapime kifua kikuu, TB, na kama anakonda au anatoka jasho usiku ndo zaidi. Inaweza isiwe hiyo, baridi la sakafu na vumbi la Kibirizi navyo vinatosha kumkohoza mtu, lakini kujua ni kupima makohozi, na kipimo bure, na dawa bure, serikali haichukui hata senti kwa TB. Mpeleke zahanati au mtume na mtu ampeleke, hospitali ya Maweni nao wapo. Na wakati mko hapo apimwe na malaria kile kipimo cha kutoboa kidole, maana kule kutetemeka ulikokueleza baada ya mvua mi nakuona kama homa, na mtu anayelala nje bila neti Kigoma hii mbu wanamla mzimamzima.

Kwanini nimelisukuma hili mbele ya wezi? Kwa sababu ya yule wako wa miaka minne. TB inaambukiza kwa hewa, mtu akikohoa chumba kimefungwa nyie mnavuta, na watoto chini ya miaka mitano ndo inawashika vibaya. Barazani kwenye upepo hatari ni ndogo. Sahani na kikombe haviambukizi kwaiyo usianze kumtengea sahani mbovu ya mbwa. Ila huyo mkwe wako anayetaka alale sebuleni, mwambie kwa heshima zote kwamba kabla ya majibu ya makohozi hakuna kulala ndani, na anayemlinda hapo ni mjukuu wake. Akikutwa nayo anaanza dawa, miezi sita, na baada ya wiki kadhaa za dawa kuambukiza kunapungua sana. Na hapo watamuuliza swali ambalo mtu asiye na ndugu analiogopa, nani atakusimamia unywe dawa, maana TB dawa inataka mtu wa karibu anayekuona unameza kila siku. Fikiria. Anaweza kukutaja wewe.

Stoo nayo hapana, hata kama kifua chake ni kizima. Kwanza ni chumba cha mkaa na mafuta, baridi likimzidi atawasha jiko mlango kafunga, na moshi wa mkaa usioonekana unaua mtu usingizini bila hata kukohoa. Pili, barazani mtu akilala ni mpita njia, ukimpa mlango na kufuli ashakuwa mpangaji wako, siku ukitaka atoke ni kesi. Tatu mali yako iko humo, dumu likipungua hata kama kapunguza panya wa miguu miwili mwingine, atakayeitwa mwizi ni yeye. Usimuweke mtu maskini mahali ambapo kila kitu kikipotea ni yeye.

Mi nilishafanya huo wema wa mkweo. Zamani kidogo nilimkaribisha mwanamke katoka kwenye treni na mtoto mgongoni, nikamlaza chumba cha wanangu, asubuhi ya pili kaondoka na sufuria yangu kubwa ya pilau na kitenge ambacho hata sijakifua mara moja. Kilichoniuma sio sufuria, ni mume wangu alivonicheka mwaka mzima, kila wageni wakija anawaambia karibuni ila sufuria tumezihesabu. Bado sijutii kumpa chakula yule dada. Kumlaza ndani siku ya kwanza bila kumjua hata jina, hilo ndo la kijinga, na ndo maana nakushikia bango.

Sasa sungusungu. Hapo nakataa kabisa, na mume wako mwambie nimekataa. Mtu hajaiba, hajakutukana, analetewa vijana na fimbo usiku, unajua inavoishia? Mmoja anasema huyo ndo wale wa tivii, mwingine anapiga kelele mwizi, magazeti kesho yake yanaandika wananchi wenye hasira kali. Neno moja tu linatosha. Na aliyewaita ni wewe, utaitwa polisi, na huyo mtu utamuona barazani kwako kila ukizima taa mpaka unazeeka. Mume wako hana roho mbaya, yuko katikati ya ziwa anasikia mwanaume analala mlangoni kwa mkewe na binti yake, hawezi kuwafikia, hofu ya mwanaume inatoka kama ukali. Mpigie kabla hajarudi, mwambie mume wangu nimekaa nae mbele ya mama na mjumbe, anaitwa fulani, kwao pale, anafanya kazi na kundi la fulani, mwenyekiti anajua. Utaona sauti inashuka. Asije akaambiwa na mtu mwingine kwanza.

Mwenyekiti wa mtaa ndio, nenda kwake, mchana, mkiwa na huyo kijana au baada ya kuongea nae. Mwambie kuna mtu analala kwangu kwa hali hii na hii. Akiandikwa pale anapata faida hata yeye, siku mtaa ukiibiwa kuna mtu wa kusema huyu tunamjua. Na ulizia afisa ustawi wa jamii wa kata au halmashauri, watu tunadhani ustawi ni kwa ajili ya ndoa na matunzo ya watoto tu, hata mtu mzima aliyekosa makazi ni kazi yao kumsikiliza, anaweza akaunganishwa na ndugu zake. Usitegemee kesho yake atapewa nyumba. Fuatilia, rudi tena, wakikuzungusha rudi tena.

Habari ya Mrundi. Jirani yako kamjua Mrundi kwa lafudhi? Kiha na Kirundi vinasikilizana hivyo, mtu wa Manyovu au Kasulu ndani ndani akifungua mdomo pale Mwanga nusu ya mtaa watasema Mrundi huyo, wajomba zangu wote wangekamatwa. Lafudhi sio ushahidi. Lakini tusijifanye hatujui tulipo, tuna kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu toka 1996, na sheria ya wakimbizi inataka mkimbizi akae kambini, akitoka awe na kibali. Kama ndivyo alivyo, we kumficha kunaweza kukuingiza matatani hata kama ulimpa ugali tu, na ndo sababu nyingine ya kutofanya hii huruma gizani. Akikwambia ukweli huo usimpigie kelele, mwambie unaenda nae kwa mwenyekiti muulize utaratibu wa kumrudisha salama. Na kama sio, jirani ataona haya, japo majirani wa aina hiyo haya hawana.

Binti. Ulimgombeza bila kosa, muombe radhi, watoto wanakumbuka. Alafu ubadilishe utaratibu bila kuhusisha dhambi ya mtu yeyote: sahani unapeleka wewe au bibi, kukiwa bado na mwanga, na binti akishapika anabaki ndani. Mueleze kabisa kwanini, ana miaka 13 anaelewa, kwamba mtu mzima usiyemjua vizuri hukai nae peke yako hata awe mwema, hata awe mjomba, hata awe shekhe au padri, na kwamba akiona lolote la kumtia wasiwasi anakuja kwako na hatagombezwa. Ukimgombeza kwa kusoma daftari, siku ya jambo la kweli atanyamaza. Na kama huyo kaka anapenda kusikiliza kusomewa labda hajui kusoma, au kaiacha shule anaikumbuka, na hilo muulize.

Mlango wako uuangalie. Komeo la ndani, juu na chini, sio kitasa peke yake. Taa ya nje iwake usiku, na ya sola ndogo ya dharura umeme ukikatika. Panga lisikae nyuma ya mlango mwanangu, kwenye giza na mtoto wa miaka minne ndani ya nyumba linaweza kumkata usiyemtarajia, weka filimbi, na namba ya jirani na ya mjumbe kwenye simu zikiwa juu kabisa, polisi ni 112 inapigwa bure. Jembe, shoka, mwichi, vyote viingie ndani jioni. Pesa za mauzo usihesabie barazani, hii hata asingekuwepo. Na acha kutangaza kwa wateja kwamba baba nanihii kasafiri mpaka mwisho wa mwezi, we unadhani ni yeye tu anayesikia?

Mkubaliane na muda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, we umempa sahani miezi mitatu jembe hujampa. Simaanishi akulimie nyumbani, kazi za ndani ya nyumba yako asizifanye. Namaanisha mwambie kabisa, hapa ni pa mvua hizi za masika, mvua zikiisha nataka tuwe tumepata pako. Watu wa maduka wanatafuta walinzi wa usiku, mtu anayeamka saa kumi na moja na kufagia bila kuambiwa na hanywi pombe anatakiwa, tatizo hana wa kumdhamini. Ukishamjua jina na mwenyekiti kamjua, mdhamini anaweza kupatikana. Au makuli watatu wachangiane geto, na we badala ya kumpa sahani kila siku umuongezee kidogo kwenye kodi ya kwanza, kupitia kiongozi wao, sio mkononi usiku. Msikitini na kanisani pia ulizia, Kwaresima na Ramadhani watu mifuko inafunguka.

Na kama kwenye hicho kikao cha chai akakasirika, akagoma kutaja jina, akawa anakuja kalewa, au akagonga tena usiku baada ya kuambiwa hakuna kugonga mlango bila dharura, hapo huna deni nae. Unamwambia mbele ya mashahidi asilale tena hapa, na kama hasikii unampigia mwenyekiti na polisi kata, na unalala usingizi wako. Hata hiyo sio roho mbaya.

Ila mi moyo unaniambia atajibu. Kesho jioni basi, kabla ya giza. Na ukishapata jina, muulize usiku ule aligonga akitaka nini, uniandikie, maana toka nimesoma barua yako na mimi sijalala vizuri.

Shangazi yako